Kutoka Ukumbini hadi Nyumbani: Historia ya Jaribio la Kuingia Shule za Sheria za Marekani (1948–2025)

1. Utangulizi

Neno mtihani, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, lina maana mbili ambazo mzungumzaji hazitenganishi kila mara. Ya kwanza ni ya shuleni: maswali yanayotolewa ili kupima ujuzi wa mwanafunzi. Ya pili ni ya maishani: shida au msiba unaompata mtu na kuupima uvumilivu wake. Mnamo mwaka 2020 maana hizo mbili zilikutana. Ugonjwa wa COVID-19 ulipofunga kumbi za mitihani katika nchi nyingi, maelfu ya Wamarekani waliotaka kusomea sheria walilifanya jaribio la kuingia shule za sheria katika vyumba vyao vya kulala na kwenye meza za jikoni, mbele ya kamera za kompyuta zao.

Makala hii inaeleza historia ya jaribio hilo, linalojulikana kwa herufi LSAT, tangu lilipofanywa mara ya kwanza mwaka 1948 hadi uamuzi uliotangazwa mwaka 2025 wa kulirudisha ukumbini. Hoja inayotetewa ni kwamba usawa ulioahidiwa watahiniwa tangu mwanzo uliutegemea ukumbi kuliko ilivyodhaniwa. Na kwamba ukumbi ulipoondolewa, nyumba ya kila mtahiniwa iliingizwa ndani ya mtihani, ikawa inapimwa pamoja naye.

2. Chanzo cha jaribio

Msomaji wa Kongo, aliyezoea kuona diploma ya Serikali ikimfungulia mhitimu wa sekondari mlango wa Kitivo cha Sheria, hana budi kukumbuka kwamba utaratibu wa Marekani ni mwingine. Huko, kwa kawaida, mtu husoma kwanza miaka minne ya chuo kikuu katika fani yoyote, ndipo aombe nafasi ya kusomea sheria kwa miaka mitatu. Waombaji hutoka katika vyuo vingi mno, na kila chuo kina desturi yake ya kutoa alama. Alama ya historia iliyopatikana katika chuo kidogo cha shamba na alama ya hisabati iliyopatikana katika chuo kikubwa cha mjini hazilinganishiki kwa urahisi.

Tatizo hilo lilizidi kuwa kubwa vita kuu ya pili ilipokuwa inakwisha. Sheria iliyopitishwa mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi vitani msaada wa kulipia masomo, na shule za sheria zikatazamia waombaji wengi kuliko nafasi zilizokuwapo. Mwaka 1945 Frank Bowles, aliyeshughulikia uandikishaji wa wanafunzi katika Shule ya Sheria ya Columbia, mjini New York, aliiandikia halmashauri iliyosimamia mitihani ya kuingia vyuo, akipendekeza litungwe jaribio moja kwa ajili ya waombaji wa sheria. Mwaka 1947 wajumbe wa shule kadhaa, zikiwemo Columbia, Harvard na Yale, walikutana kuupanga mradi huo. Tarehe 28 Februari 1948 jaribio lilifanywa kwa mara ya kwanza.

Ifahamike kwamba LSAT haikukusudiwa kupima elimu ya sheria, kwa kuwa mtahiniwa bado hajaisoma. Inapima uwezo wa kusoma matini ngumu na kuielewa, wa kutambua hoja iliyo sahihi na iliyo dhaifu, na wa kufikia hitimisho kutokana na masharti yaliyotolewa. Kwa maneno mengine, inapima matumizi ya akili na ya lugha. Katika miaka iliyofuata mambo mengi yalibadilishwa: alama zilitolewa kati ya 200 na 800 hadi mwaka 1981, kisha kati ya 10 na 48 kuanzia mwaka 1982, na kati ya 120 na 180 tangu mwaka 1991. Hata hivyo, mahali pa kufanyia jaribio hapakubadilika. Mtahiniwa aliamka alfajiri, akaenda katika ukumbi wa chuo kikuu au shule, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akajaza majibu yake kwa kalamu ya risasi.

3. Maana ya chumba kimoja

Ili kuelewa kwa nini ukumbi ulikuwa na uzito huo, inafaa kukumbuka mambo yaliyokuwa yakitokea katika elimu ya sheria ya Marekani jaribio hili lilipokuwa bado changa. Mwaka 1946 Heman Sweatt, tarishi wa posta wa mji wa Houston, aliomba kuingia Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Texas. Alikataliwa kwa sababu moja tu: alikuwa Mweusi. Badala ya kumpokea, jimbo lilifungua shule nyingine ya sheria kwa ajili ya Weusi, ikaanza katika vyumba vya chini ya jengo moja mjini Austin. Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule hiyo hailingani na ile ya Wazungu. Majaji hawakutazama idadi ya vitabu na walimu peke yake. Walisema pia kwamba sheria haiwezi kujifunzwa vizuri na mtu aliyetengwa na wale atakaofanya kazi pamoja nao.

Siku ileile mahakama hiyo ilitoa uamuzi katika kesi ya George McLaurin, mwanafunzi Mweusi ambaye Chuo Kikuu cha Oklahoma kilimpokea lakini kikamtengea mahali pake darasani, katika maktaba na katika chumba cha kulia. Mahakama ilikataa jambo hilo pia.

Kesi hizo hazikuihusu LSAT, wala haidaiwi hapa kwamba watungaji wake walizitegemea. Zinaonyesha, lakini, kwamba katika miaka hiyo swali la usawa lilikuwa swali la chumba: nani yumo ndani, nani ameachwa nje, nani amewekwa pembeni. Ukumbi wa mtihani ulijibu swali hilo kwa namna yake. Saa iliyotundikwa ukutani ilikuwa moja kwa wote. Karatasi ilikuwa moja, na ukimya ulikuwa mmoja. Mtoto wa jaji na mtoto wa mfagizi, wakiisha kuketi, hawakutofautishwa na kitu chochote kinachoonekana mezani.

Haina maana kwamba ukumbi haukuwa na kasoro. Mtu aliyeishi mbali na kituo cha mtihani alitumia fedha za safari na za malazi. Jaribio lilipofanywa Jumamosi, waliolinda Sabato walilazimika kupangiwa siku nyingine. Wenye ulemavu ndio walioumia zaidi. Mwaka 2014 Baraza linalosimamia jaribio hilo, LSAC, lilikubali mbele ya mahakama kulipa dola milioni 7.73 ili kumaliza shauri lililohusu watahiniwa wenye ulemavu, na kuacha desturi ya kutia alama ya pekee kwenye matokeo ya wale walioongezewa muda. Angelo Binno, kipofu wa jimbo la Michigan, alianza mwaka 2011 kupinga mahakamani sehemu iliyowataka watahiniwa kupanga watu na vitu kwa kufuata masharti mengi, kazi ambayo wengi huifanya kwa kuchora michoro. Shauri lake na Baraza lilimalizika kwa mapatano mwaka 2019, na sehemu hiyo ikaondolewa kabisa katika jaribio la mwezi wa nane mwaka 2024. Kukaa katika chumba kimoja, basi, hakukutosha kuwafanya watu kuwa sawa. Lakini kasoro za ukumbi ziliweza kuonekana, kutajwa na kushitakiwa, kwa sababu kanuni zake zilikuwa wazi kwa wote.

4. Ulinzi na wizi katika enzi ya ukumbi

Yapo maoni kwamba uchunguzi mkali wa watahiniwa ulianza na kamera. Historia haikubaliani nayo. Kwa miaka mingi kabla ya intaneti, mtahiniwa wa LSAT alipaswa kuacha alama ya kidole gumba ili ithibitishwe kwamba aliyefanya jaribio ndiye atakayeingia shuleni. Nchini Kanada, ambako jaribio hilo linatumika pia, watahiniwa walilalamika, na mwaka 2008 Kamishna wa Faragha wa nchi hiyo aliona kwamba kuchukua alama za vidole kulizidi mahitaji halisi ya mtihani.

Wala ukumbi haukuzuia wizi. Mwezi wa pili mwaka 1997, mtu mmoja aliyeingia kama mtahiniwa katika kituo cha Los Angeles alitoka mbio na kijitabu cha maswali. Maswali yalijibiwa nje, na majibu yakapelekwa kwa vyombo vidogo vya kupokea ujumbe hadi kwa watahiniwa wawili waliokuwa Hawaii, ambako saa ziko nyuma kwa mbili. Wahusika walikamatwa. Kisa hicho kinafundisha jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa na uzito mkubwa: adui wa mtihani wa kitaifa ni tofauti ya wakati. Watu wakijibu maswali yaleyale kwa saa tofauti, anayetangulia anaweza kumnong'oneza anayefuata.

5. Safari ya kwenda nyumbani

Mabadiliko yalianza kabla ya ugonjwa. Mwezi wa sita mwaka 2019 sehemu ya insha, ambayo haitolewi alama bali hupelekwa kwa shule zinazoombwa, ilitengwa na sehemu nyingine, na mtahiniwa akaruhusiwa kuiandika nyumbani kwa kompyuta yake. Mwezi uliofuata, nusu ya watahiniwa walifanya jaribio kwa karatasi na nusu kwa kompyuta bapa zilizotolewa ukumbini. Kufikia mwezi wa tisa mwaka huohuo, karatasi ilikuwa imeachwa katika Amerika ya Kaskazini. Kalamu ya risasi ilikwisha kazi yake baada ya miaka 71.

Kisha ukaja mwezi wa tatu mwaka 2020. Vikao vya mwezi wa tatu na wa nne vilifutwa. Waombaji walikuwa njia panda, kwa kuwa bila alama hizo wengi wao hawakuweza kupokewa na shule, na hakuna aliyejua kumbi zingefunguliwa lini. Mwezi wa tano jaribio la muda, lililoitwa LSAT-Flex, lilifanywa na watu majumbani mwao. Lilikuwa na sehemu tatu za dakika 35 kila moja, yaani dakika 105. La ukumbini lilikuwa na sehemu tano, yaani dakika 175. Kilichokuwa dharura kikawa desturi. Mwezi wa nane mwaka 2021 jaribio la nyumbani lilipewa sura ya kudumu, likiongezewa sehemu ya nne isiyohesabiwa alama.

Faida zake hazikuwa ndogo. Aliyeishi mbali na miji aliepushwa na safari. Mama mwenye mtoto mchanga aliweza kuketi mezani dakika chache baada ya kumlaza mwanawe. Mwenye ulemavu alitumia kiti na vifaa alivyovizoea. Katika msimu wa maombi wa 2020–2021 idadi ya walioomba kuingia shule za sheria ilipanda kwa zaidi ya asilimia kumi. Sababu za ongezeko hilo ni nyingi, na urahisi wa jaribio la nyumbani hauwezi kupewa sifa yote, lakini ni dhahiri kwamba mlango haukufungwa katika mwaka ambao milango mingi ilifungwa.

6. Nyumba mbele ya kamera

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jaribio la nyumbani lilifungua na kuingia. Kabla ya kuanza, mtahiniwa alionyesha kitambulisho chake, kisha akaizungusha kamera ili msimamizi, aliyekuwa mahali pengine kabisa, aone kuta, meza na sakafu. Karatasi tupu za kuandikia rasimu zilionyeshwa mbele na nyuma. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuingia chumbani. Kuanzia hapo hadi mwisho wa sehemu, uso wa mtahiniwa ulipaswa kubaki mbele ya kamera.

Kanuni hizo zilikuwa moja kwa wote, kama zilivyokuwa ukumbini. Tofauti ni kwamba utekelezaji wake uligharamiwa na kila nyumba. Ukumbini, ukimya ulitolewa na mwenye ukumbi. Nyumbani, ulipaswa kupatikana kwa kila aliye nao. Aliyekuwa na chumba chake mwenyewe alifunga mlango tu. Aliyeishi na watu sita katika vyumba viwili alilazimika kuwatoa nje wadogo zake, kuzima televisheni na kumwomba jirani apunguze sauti ya muziki. Intaneti yenye nguvu, ambayo tajiri haifikirii, ilikuwa wasiwasi wa maskini: ikikatika, saa ya mtihani na moyo wa mtahiniwa vilikuwa mashakani. Baraza lilitambua ugumu huo. Liliwaazima kompyuta wasiokuwa nazo, na kuwasaidia waliokosa mahali patulivu. Msaada huo unastahili kusifiwa. Lakini huo wenyewe ni ushahidi kwamba nyumba ilikuwa imekuwa sehemu ya mtihani.

Lilikuwapo pia suala la uso. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, uliotolewa mwaka 2018, ulipima programu tatu za kompyuta zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikufikia hata asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, katika programu iliyofanya vibaya zaidi, lilifika asilimia 34.7. Programu hizo hazikuwa za mitihani. Hata hivyo, mwaka 2020, mtihani wa kuwapa wahitimu leseni ya uwakili ulipopelekwa nao majumbani katika majimbo kadhaa, watetezi wa haki za kiraia waliutumia utafiti wa aina hiyo kuuliza kama Mweusi na Mzungu watatambuliwa sawasawa na mashine inayowalinda. Miaka 70 baada ya hukumu ya Sweatt, swali la rangi lilikuwa limerudi kwenye mlango wa sheria kwa njia ambayo majaji wa 1950 wasingeweza kuitazamia.

Suala la mwisho ni la sheria yenyewe. Mwezi wa nane mwaka 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la Ohio aliamua kesi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha Cleveland ambaye, kabla ya mtihani wa kemia, alitakiwa kuonyesha chumba chake cha kulala kwa kamera. Jaji aliona kwamba tendo hilo lilikuwa upekuzi usiofaa, unaokatazwa na Badiliko la Nne la Katiba ya Marekani. Uamuzi huo haukuigusa LSAT moja kwa moja: Katiba hukizuia chuo cha serikali, na LSAC ni shirika la watu binafsi. Lakini mtahiniwa wa sheria hawezi kukosa kuona kinaya chake. Ili apate kuingia shule atakamofundishwa kwamba makazi ya mtu hayapekuliwi ovyo, alianza kwa kuyafungua makazi yake yapekuliwe.

7. Kurudi ukumbini

Tangu mwezi wa nane mwaka 2023 mtahiniwa aliruhusiwa kuchagua: nyumbani au katika kituo. Kwa muda ilionekana kwamba mvutano umepata suluhisho. Hata hivyo, udhaifu uliojitokeza mwaka 1997 ulikuwa haujatibiwa. Ili msimamizi mmoja aweze kuangalia wachache kwa wakati mmoja, watahiniwa walipangiwa saa na siku mbalimbali ndani ya kikao kilekile. Aliyetaka kuiba maswali hakuhitaji tena kutoka mbio na kijitabu. Alihitaji chombo cha kunasia picha kilichofichwa vizuri katika chumba ambacho yeye ndiye mwenyeji wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya chumba aijuaye alalaye humo.

Mwaka 2025 Baraza lilitangaza kwamba litasimamisha jaribio la nyumbani katika China bara kwa sababu ya wizi wa maswali. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo lilitangaza jambo kubwa zaidi: kwamba kuanzia mwezi wa nane mwaka 2026 jaribio litafanywa kwa kawaida katika vituo, na nyumbani litabaki kwa wenye sababu za kiafya au wenye shida kubwa ya kufika kituoni.

8. Hitimisho

Kutoka mwaka 1948 hadi 2025 jaribio moja limepita katika namna mbili za kutafuta usawa. Ya kwanza iliwatoa watu katika nyumba zao na kuwakusanya. Udhaifu wake ulikuwa kwamba si wote walioweza kufika, na si wote waliofika waliweza kuketi kama wengine. Ya pili iliwafuata watu walipo; udhaifu wake ulikuwa kwamba walipo si mahali pamoja. Ukumbi ulificha tofauti za nyumba kwa saa chache. Kamera ilizifichua, na kisha ikazipa nafasi katika matokeo.

Kurudi ukumbini hakumalizi shauri. Mtu wa shamba atasafiri tena. Mama atatafuta tena wa kumwachia mtoto. Na mwenye ugonjwa atatakiwa kuthibitisha kwa hati kwamba anastahili kubaki nyumbani. Wale waliopigania haki zao hadi mwaka 2014 na 2019 wanajua jinsi uthibitisho wa namna hiyo unavyoweza kuwa mzito kuliko jaribio lenyewe. Miongoni mwa watakaofaulu au kushindwa wamo mawakili na majaji wa kesho. Kwa hiyo namna ruhusa hiyo itakavyotolewa, kwa nani na kwa ushahidi gani, ndiyo itakayoonyesha kama miaka sita ya jaribio la nyumbani iliacha fundisho, au ilikuwa mtihani katika ile maana ya pili tu ya neno hilo: shida iliyovumiliwa, ikapita, ikasahauliwa.